Punda wa Chundwa: mwongozo wa kumjua na kumtunza

Mawe ya kujengea, mchanga, maji ya kisima, nazi za shambani, kuni, boriti za mikoko, magunia yanayoshushwa mashuani: Chundwa, kama ilivyo Faza, Siyu na Kizingitini, vitu hivi hupita mgongoni mwa punda kabla havijafika nyumbani kwako. Mwongozo huu ni wa mwenye punda mmoja au wawili, na wa kijana anayemswaga kila siku hata kama punda si wake. Fedha inayohitajika si nyingi. Kinachohitajika ni macho, mikono, na dakika kumi kila asubuhi.

Tutaanza na tabia kabla ya kufika kwenye maji, shogi na kwato. Punda wengi kisiwani hawateswi kwa makusudi. Huumia kwa sababu mwenyewe hajui mnyama huyu anavyofikiri, na hajui kwamba anaumia kimyakimya.

Tabia yake

Punda ni mnyama wa Afrika, wa upande wetu huu wa kaskazini mashariki. Jamaa zake wa mwituni bado wapo, wachache mno, katika nchi kavu za Eritrea na Ethiopia. Huko nyasi ni haba na maji yako mbali, kwa hiyo punda mwitu hawaendi kwa makundi makubwa kama farasi. Farasi akishtuka hukimbia na kundi lake. Punda aliye peke yake katikati ya mawe akikimbia ovyo atavunjika mguu, kwa hiyo yeye husimama, akatazama, akapima, ndipo akaamua. Hilo ndilo tunaloliita ukaidi.

Basi punda akigoma mbele ya dimbwi, au penye mwamba wenye mashimo, au kwenye ubao wa kupandia mashua, usianze na fimbo. Mlegezee kamba, mwache ainamishe kichwa anuse. Mtangulize mwenzake aliyezoea njia ile. Ukimpiga, anachojifunza ni kwamba mahali pale pana maumivu, na kesho atagoma mapema zaidi, maana kumbukumbu yake ni ndefu: hasahau njia, hasahau mtu, wala hasahau fimbo. Na kama njia ni ile ile ya kila siku na leo amegoma, shusha mzigo umkague. Mara nyingi ni kidonda, au jiwe lililokwama kwenye ukwato.

La pili ni zito zaidi. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayewindwa kwanza, na punda amebaki na tahadhari hiyo hata baada ya miaka elfu kadhaa ya kuishi na binadamu. Akiumwa hapigi kelele, hajigaragazi sana, halii. Husimama tu. Wengine huinamisha kichwa kwenye majani kana kwamba wanakula, na ukisogea karibu utaona hawamezi kitu. Ukingoja dalili kubwa kama zile za ng'ombe au mbuzi, utakuwa umechelewa. Ndiyo maana ukaguzi wa asubuhi, nitakaoueleza hapa chini, una thamani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Tena punda ana mwenza. Punda wawili wakiishi pamoja hushikana urafiki wa kweli: hulala karibu, hutafunana shingo, huitana wakitenganishwa. Ukimuuza mmoja, mwingine anaweza kuacha kula, na punda aliyeacha kula yumo hatarini. Ikiwezekana nunua wawili na uuze wawili. Mmoja akifa, mwache mwenzake akae na mzoga kwa muda kabla hujauondoa. Wanaofanya kazi na punda wameona kwamba aliyemwona mwenzake amekufa hutulia mapema kuliko yule anayebaki akimtafuta na kumwita.

Mvua ni adui yake

 Farasi ana mafuta kwenye manyoya yanayosaidia mvua iteleze. Punda, mtoto wa jangwa, hana kinga hiyo. Maji hupenya mpaka kwenye ngozi, akapoa, akakohoa, ngozi ikaota vigaga. Wengi tunamhurumia punda kwenye jua la kaskazi tukamsahau kwenye masika, ilhali jua analimudu vizuri zaidi akiwa na maji na kivuli.

Banda si lazima liwe la gharama. Nguzo za mikoko na paa la makuti zinatosha. Kwa punda wawili tenga nafasi ya mita tatu kwa tatu. Ukuta wa nyuma uelekee kusini, kwa sababu mvua kubwa za Aprili hadi Juni huja na upepo wa kusi. Inua sakafu kwa mchanga na changarawe ili mkojo na maji visituame, na uzoe samadi kila siku. Samadi hiyo ipeleke shambani.

> Ukaguzi wa kila asubuhi
>
> ☐ Je, ameinua kichwa na kugeuza masikio ulipokaribia? Punda aliyezubaa ni punda mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.
> ☐ Amekula usiku? Yaangalie majani yaliyobaki.
> ☐ Kinyesi kipo, kimekaa kwa vidonge, hakina ute wala mchanga mwingi?
> ☐ Fizi ni za waridi na zina unyevu? Zikiwa nyeupe, nyekundu sana au kavu, leo hakuna kazi.
> ☐ Mgongo, mbavu, kifua na chini ya mkia: pitisha kiganja ukitafuta joto, uvimbe, au mahali anaposhtuka.
> ☐ Miguu yote minne inakanyaga sawa?
> ☐ Macho hayana machozi wala nzi waliojazana?

Anza upande ule ule kila siku. Mkono wako utazoea mwili wake ulivyo, na siku kitu kikibadilika utakigundua hata kabla hujui ni nini.

Maji na chakula

Punda anayefanya kazi huhitaji lita 15 hadi 25 za maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Anaweza kuvumilia kiu kuliko wanyama wengi wafugwao, na kwa sababu hiyo watu hudhani hahitaji kunyweshwa mara kwa mara. Kiu ya muda mrefu hukausha chakula tumboni kikaganda, na hapo huanza msokoto wa tumbo unaoua. Mpe maji asubuhi kabla ya kazi, katikati ya kazi, na jioni.

Punda huchagua maji. Hatakunywa yaliyooza wala yenye harufu ya mafuta ya taa, hata kama ana kiu. Osha ndoo kila siku. Visima vilivyo karibu na bahari huingia chumvi kiangazi, kwa hiyo onja mwenyewe: ukishindwa kuyameza, usimtegemeze kwa hayo. Maji ya jabia yaliyokingwa na mvua ni bora, mradi jabia lifunikwe.

Chakula chake ni nyasi na majani makavu, mengi na ya polepole. Tumbo lake limeumbwa kwa malisho hafifu yanayotafunwa kutwa. Kosa ninaloliona sana ni kumpa ugali uliobaki, wali, au pumba kwa wingi kwa nia ya kumtia nguvu. Vyakula hivyo huchacha tumboni, na vinaweza kuleta ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe kukanyaga. Konzi ya pumba kwa punda aliyekonda au anayenyonyesha haina neno, lakini isizidi hapo. Chochote chenye ukungu kitupe. Msimu wa maembe usimwache chini ya mwembe kutwa, kwa sababu kokwa humkwama.

Usimwage majani moja kwa moja juu ya mchanga. Atakula na mchanga, nao hujikusanya tumboni. Tumia karai, au mkeka mkuukuu.

Tena kuna plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio, kamba za nailoni na vipande vya nyavu bado vimejaa kwenye majalala na ufukweni. Punda asiyelishwa huenda jalalani, akala karatasi yenye harufu ya chakula pamoja na mfuko wake. Kitu hicho hakisagiki. Hukaa tumboni kikikua mpaka kinaziba. Punda aliyelishwa jioni hana haja ya jalala: hiyo ndiyo kinga yake kubwa.

Mzigo

Hapa ndipo punda wetu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Punda mzima wa kwetu ana uzito wa kama kilo 130 hadi 160. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito huo, na hiyo ni kwa mnyama mwenye afya, njia ya tambarare, mwendo mfupi. Kwenye mchanga unaozama au jua la saa saba, shuka mpaka robo.

> Kwa vipimo vya kwetu
>
> Maji: mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila upande. Si minne.
> Saruji: mfuko mmoja wa kilo 50, umegawanywa kwenye magunia mawili, kwa punda mkubwa tu.
> Mchanga mkavu: theluthi mbili za debe kila upande. Debe zima hukaribia kilo 30, na mchanga uliolowa ni mzito zaidi.
> Mtu: mmoja, asiyezidi kilo 50, bila mzigo mwingine.

Najua utakalosema: safari mbili badala ya moja ni saa imepotea. Lakini hesabu miaka, usihesabu saa. Punda aliyetunzwa huweza kufika miaka 25 na kupita. Anayebebeshwa mitungi minne tangu akiwa mchanga huchakaa mgongo na viungo akiwa bado kijana, nawe hulazimika kununua mwingine.

Hatua za kumpakia:

1. Pitisha kiganja mgongoni. Kukiwa na kidonda mahali shogi litakapokaa, leo habebi. Kutoboa tundu kwenye tandiko ili kidonda kipumue hakusaidii, kwa sababu uzito wote huhamia kwenye kingo za tundu.
2. Weka tandiko nene lililofuliwa: blanketi kuukuu au gunia la katani lililoshonwa kwa tabaka kadhaa. Nailoni hukwaruza na kubana jasho. Unene uwe pande mbili, katikati pabaki mfereji, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu.
3. Laza shogi nyuma kidogo ya mabega, juu ya mbavu. Likikaa kiunoni huumiza figo, na likikaa mabegani humzuia kunyoosha mguu.
4. Pakieni watu wawili, kila mmoja upande wake, kwa pamoja. Ukiwa peke yako, egemeza upande wa kwanza kwa mti mpaka ujaze wa pili.
5. Ukanda wa tumboni uwe mpana. Vidole viwili vipite kati yake na ngozi.
6. Kamba inayopita chini ya mkia izungushie kitambaa laini, na ukifue. Kidonda cha mahali hapa hakionekani mpaka kimeoza.
7. Mwongoze hatua chache, simama, kagua. Shogi likipinda kushoto au kulia, sawazisha uzito. Usikaze kamba ili kuficha tofauti.
8. Shusha pande zote kwa pamoja. Na mkifika bandarini mkakuta boti haijaja, shusheni. Punda kusimama na mzigo akingoja ni kazi ile ile, hata kama wewe umekaa kivulini.

Usimpakie kabla hajatimiza miaka mitatu, na mzigo kamili ungoje mpaka minne au mitano. Umri hausemwi na muuzaji: mtu anayejua atautazama kwenye meno. Punda jike mwenye mimba hubeba kama miezi 12. Miezi mitatu ya mwisho mpumzishe, na mwana abaki na mama yake miezi sita.

Kidonda

Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko viwili vidogo vya chumvi visivyojaa, acha yapoe. Miminia taratibu mpaka uchafu wote utoke, kisha kausha pembeni kwa kitambaa safi. Asali safi ukiipaka nyembamba husaidia kidonda kipone. Kukiwa na funza, watoe, na umwite mtaalamu. Kisha ondoa kilichokileta, ama sivyo utaosha kidonda kile kile mwaka mzima.

Usitie mafuta machafu ya injini, maji ya betri, majivu wala unga wa vidonge vya binadamu. Vinachoma nyama nzima iliyokuwa inajaribu kujifunga.

Kidonda kirefu, hasa cha msumari au cha mwamba, ni mlango wa pepopunda, nao unamshika mnyama huyu kwa urahisi kuliko wengi. Dalili zake: mwili unakakamaa, masikio yanasimama wima, mkia unajitenga, ngozi nyeupe inaingia juu ya jicho, taya zinafunga. Ukifika hapo kupona ni nadra. Chanjo ipo. Iulizie mapema, na hasa kabla ya kumhasi dume.

Kuhasi ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi, ikifaa punda akiwa kati ya miezi sita na mwaka na nusu. Kuponda kwa mawe au kukata kwa wembe bila ganzi ni ukatili, na wengi hufa.

Kwato

Kwenye mwamba wa matumbawe kwato hujisaga zenyewe. Kwenye mchanga na banda laini hurefuka, zikapinda, na punda akaanza kukanyagia kisigino. Kila siku chokoa wayo kwa kijiti butu, ukitoka kisigino kuelekea ncha. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona utomvu mweusi kando ya ile pembetatu laini ya katikati, banda lako lina maji: kausha banda kwanza. Kila wiki sita hadi kumi, mtu aliyefundishwa apunguze kwato. Panga la shambani haliwezi kazi hiyo, na ukikata mpaka damu utamweka kilema kwa miezi.

Usingoje kesho

Mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

- Hajala tangu jana, hata kama anaonekana mtulivu. Punda asiyekula huyeyusha mafuta ya mwili yakajaa kwenye damu na kuharibu ini. Siku chache zinatosha kumuua. Mnene na mwenye mimba ndio wepesi zaidi.
- Anatazama ubavu, analala na kuinuka, au hajatoa kinyesi.
- Joto limepita nyuzi 38, au anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa amepumzika kivulini.
- Hakanyagi mguu mmoja kabisa.

Wakati unangoja, kama dalili ni za tumbo ondoa chakula, mwachie maji, mweke kivulini na mwenzake karibu. Usimnyweshe mafuta wala dawa ya kienyeji kwa nguvu, kwa sababu yakipita njia ya hewa yatamuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Makao makuu ya Lamu Mashariki yako Faza, hapo hapo kisiwani. Mjini Amu shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Tafuta nambari za simu sasa hivi punda akiwa mzima, uzichore kwa makaa kwenye nguzo ya banda ili hata mtoto wa nyumbani aweze kupiga.

Sheria, alama na wezi

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtaja anayempiga mnyama kikatili na anayempakia kupita kiasi kuwa mkosaji. Hilo linamhusu mwenye punda na anayemswaga pia.

Mwaka 2012 serikali iliruhusu punda achinjwe machinjioni, na biashara ya ngozi kwenda China ikaleta wizi mkubwa katika kaunti nyingi. Februari 2020 wizara ilipiga marufuku uchinjaji huo, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Makubaliano hayazuii mwizi usiku. Mfungie bandani, piga picha za pande zote mbili za mwili na uso, andika rangi, msalaba wa mgongoni na makovu yake, na umwachie nakala mzee wa mtaa.

Alama ya moto usoni usiitie kamwe. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na mnyama aliyepita mbele yake siku hiyo na alama usoni alikuwa punda. Masikio pia usiyakate: kwayo husikia, hujipoza, na kwayo wewe husoma hali yake. Kata muundo wa manyoya ubavuni kwa mkasi, uurudie kila yanapoota.

Jambo moja huwezi kulifanya peke yako. Punda wa Chundwa hulishwa pamoja, kwa hiyo wana minyoo ile ile. Ukimpa dawa wako peke yake, baada ya wiki chache ataokota minyoo ya jirani. Zungumzeni mkiwa barazani baada ya swala ya Ijumaa, mchange, mchague siku moja kabla ya masika na nyingine baada yake, mwiteni afisa wa mifugo apime uzito na atoe kipimo sahihi cha dawa, na punda wote wa kijiji wanyweshwe siku hiyo hiyo.